Amonia kwenye moshi wa tope la majitaka: chupa za asidi, FTIR au leza?

Amonia inanata. Inanata kwenye chuma, inanata kwenye majivu, na ikikutana na tone la maji inaingia humo na kutoka kwake ni kwa shida. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusimama kwenye dohani moja, saa ileile, kila mmoja na kifaa kizuri, mmoja akaandika miligramu 3 za amonia kwa mita ya ujazo ya moshi na mwenzake akaandika 9. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na nitasimulia mbele kidogo.

Kazi yangu ni kupima moshi wa madohani hapa Ujerumani, na miaka hii tope la majitaka limekuwa jambo kubwa kwetu. Sheria ya hapa inataka mitambo mikubwa ya majitaka, ile inayohudumia kiasi cha watu zaidi ya 100,000, ianze kurejesha fosforasi kutoka kwenye tope kuanzia 2029, na njia mojawapo ni kulichoma tope peke yake kisha kuitoa fosforasi kwenye majivu. Kwa hiyo matanuri yanajengwa. Zürich wanalo lao pale Werdhölzli tangu 2015, linachoma tani 100,000 za tope lililokamuliwa kwa mwaka. Hong Kong wana T·PARK, uwezo wake tani 2,000 kwa siku.

Juzi mdogo wangu mmoja anayefanya utafiti Uganda wa kuchoma tope la vyoo lililokaushwa akanipigia simu. Alitaka kupima amonia kwenye moshi wake. "Kaka, kama ungekuwa wewe ungenunua ipi, FTIR au leza?" FTIR ni mashine inayosoma gesi kwa mwanga wa infraredi, na leza inarusha mwanga kukatiza dohani lenyewe. Nikamjibu kwa swali: "Moshi wako una maji kiasi gani, na unataka jibu baada ya sekunde ngapi?" Hakuwa na jibu. Makala hii ni maongezi yetu ya siku ile, nimeyapanga kidogo ili yamfae na mwingine mwenye uamuzi kama wake.

Amonia yenyewe inatoka wapi

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni tope lenyewe. Tope lina nitrojeni nyingi kuliko kuni au makaa ya mawe, kwa sababu ni mabaki ya bakteria na kinyesi, vitu vilivyojaa protini. Likitupwa kwenye mchanga wa moto wa tanuri, sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo hutoka kwanza kama amonia. Nyingi huungua au kuvunjwavunjwa hapo juu ya mchanga, mradi joto lifike nyuzi 850 hivi na hewa ichanganyike vizuri. Ila tope likiingia kwa mabonge, au upande mmoja wa tanuri ukipoa, amonia inapita ikiwa mbichi.

Mlango wa pili tunaufungua wenyewe. Ili kupunguza oksidi za nitrojeni tunanyunyiza urea au maji ya amonia ndani ya tanuri. Ukizidisha, au ukinyunyiza mahali pasipo na joto la kutosha, ziada inapanda na moshi hadi juu.

Ulaya ilipotoa mwongozo wake wa uchomaji taka, Uamuzi 2019/2010 wa Novemba 2019, iliweka amonia kwenye wastani wa siku wa miligramu 2 hadi 10 kwa mita ya ujazo ya moshi mkavu, ikihesabiwa kana kwamba moshi una oksijeni asilimia 11. Mitambo iliyokuwepo tayari inayonyunyiza ndani ya tanuri, na ambayo haioshi moshi kwa maji, inaruhusiwa kufika 15. Anayetumia urea au amonia anatakiwa apime mfululizo, mchana na usiku. Miligramu 10 ni kama sehemu 13 katika milioni. Kiasi hicho ni kidogo mno, na ndiyo maana kila ukuta ambao gesi inaugusa una neno la kusema.

Chupa za asidi

Hii ndiyo njia ya zamani, na mimi bado naiheshimu kuliko zote. Kanuni yake ya sasa ni EN ISO 21877 ya mwaka 2019. Unaingiza kwenye dohani mrija wa kioo au titani uliopashwa moto, unavuta moshi kupitia kichujio nacho cha moto, kisha unaupitisha ndani ya chupa mbili zilizofuatana zenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, zimekaa kwenye barafu. Moshi unatoka mapovu, amonia inabaki ndani ya asidi. Nyuma kuna pampu na mita ya gesi. Baada ya nusu saa unafunga, unapeleka maabara.

Hesabu yake inapendeza. Ukivuta lita 2 kwa dakika kwa dakika 30 unapata lita 60. Kama moshi una miligramu 10 kwa mita ya ujazo, umekamata miligramu 0.6 za amonia. Jaza maji safi hadi mililita 100, una miligramu 6 kwa lita. Hata moshi ukiwa na miligramu 1 tu, chupa yako itakuwa na 0.6 kwa lita, na maabara yoyote inayopima maji ya mito inasoma kiasi hicho bila wasiwasi, kwa kromatografia ya ayoni au kwa ile rangi ya buluu ya indofenoli.

Uzuri wake wa pili ni kwamba chupa inajipima yenyewe. Chupa ya kwanza inatakiwa ikamate angalau asilimia 95. Ukikuta chupa ya pili ina kingi, ujue ulivuta haraka mno au asidi iliisha nguvu, na kipimo hicho ukitupe. Mashine chache zinaweza kukuambia kwa uaminifu namna hiyo kwamba zimekosea.

Ubaya wake? Mkono wa mtu. Yale matone yaliyoganda kwenye shingo ya mrija kati ya kichujio na chupa ya kwanza yana amonia nyingi kuliko unavyodhani, na usipoyasuuza na kuyamimina ndani ya chupa umeiba sehemu ya jibu lako mwenyewe. Nilifundishwa kusuuza mara tatu, na kila mara kuuzungusha mrija taratibu mpaka tone la mwisho lidondoke. Halafu kuna uchafu wa kutoka nje. Sabuni nyingi za kusafishia vioo na sakafu zina amonia, na chumba kilichopigwa deki asubuhi kinaweza kuharibu sampuli za mchana. Kwa hiyo kila siku beba chupa moja ya ziada yenye asidi ileile, ifungue na kuifunga juu ya dohani kama zile nyingine, lakini usiipitishie moshi. Hiyo ndiyo shahidi wako.

Kubwa zaidi, chupa inakupa wastani wa nusu saa, na jibu linakuja baada ya siku kadhaa. Huwezi kuendesha pampu ya urea kwa majibu ya wiki iliyopita.

FTIR, mashine ya infraredi

Hapa moshi unavutwa kutoka dohanini kwa hosi iliyopashwa moto, kwa kawaida nyuzi 180, hadi kwenye kijichumba cha vioo ambamo mwanga wa infraredi unarushwa mbele na nyuma mara nyingi. Kila gesi inakula rangi zake za mwanga, na kompyuta inasoma nini kimeliwa. Moshi haukaushwi, unapimwa ukiwa na mvuke wake wote. Hilo ni la lazima: mashine za kawaida zinazopooza moshi na kuutoa maji kwanza haziifai amonia hata kidogo, kwa kuwa amonia inaondoka na yale maji.

Kwa tope mimi naipenda FTIR kwa sababu moja iliyo nje ya amonia. Mashine hiyohiyo inasoma maji, dioksidi ya kaboni, monoksidi ya kaboni, oksidi za nitrojeni, dioksidi ya salfa, asidi ya haidrokloriki, na inasoma pia oksidi ya nitrasi, ile inayoitwa gesi ya kuchekesha. Tope ndilo linaloleta gesi hii kwa wingi, hasa tanuri likiwa na joto la chini, na kila kilo yake inapasha dunia joto zaidi ya mara 260 ya kilo ya dioksidi ya kaboni. Opereta akipandisha joto la tanuri, oksidi ya nitrasi inashuka, ila oksidi za nitrojeni zinaweza kupanda. Akiongeza urea kuzizima, amonia inapanda. Hizi tatu ni kama vyungu juu ya mafiga yaleyale: huwezi kusogeza kimoja bila kutikisa vingine. Mtu anayesoma amonia peke yake anaona chungu kimoja tu.

Sasa lile la 3 na 9. Mtambo mmoja, sitautaja, ulikuwa na FTIR nzuri iliyosoma miligramu 3 wiki nzima. Sisi tulipanda na chupa zetu tukapata 9, tukarudia, tukapata 8 na nusu. Kila mtu akashuku chupa. Tulianza kushika hosi kipande kwa kipande, tukakuta mahali mrija wa kuchukulia sampuli unapoungana na hosi pana kama sentimita 20 za chuma kisichopashwa moto wala kuvikwa blanketi. Tulipofungua, ndani kulikuwa na unga mweupe umeganda kama chumvi ya mezani iliyolowa kisha ikakauka. Amonia ilikutana na asidi ya haidrokloriki mahali palipopoa, zikafanya kloridi ya amonia, zikabaki hapo. FTIR haikudanganya: ilisoma kile kilichofika. Tuliweka kanda ya moto na blanketi pale, na kesho yake mashine ikapanda yenyewe hadi 8, bila mtu kugusa kompyuta.

Kwa hiyo ukinunua FTIR unanunua na hosi, na hosi ina uzito sawa na mashine katika uamuzi wako. Iwe fupi kadiri inavyowezekana, ndani iwe ya tefloni, na viungo vyote viwe vya moto. Ukipitisha gesi ya majaribio ya amonia kutoka kwenye mtungi, subiri. Kuta zinakunywa kwanza ndipo zikuachie, na dakika kadhaa zinaweza kupita kabla namba haijatulia. Fundi mwenye haraka anarekebisha mashine dakika ya pili na kuiharibu kwa mwaka mzima.

Leza ya kupenya dohani

Leza inaepuka shida ya kuta kwa kutokuchukua sampuli kabisa. Unatoboa matundu mawili yanayotazamana, upande huu mtoa mwanga, upande ule mpokeaji, na mwanga wa karibu na nanomita 1,500 unakatiza katikati ya moshi. Rangi moja nyembamba ya mwanga inayoliwa na amonia inatosha. Jibu linakuja kwa sekunde.

Kwa kudhibiti unyunyizaji wa urea hakuna kinachoshinda hicho. FTIR iliyo mwisho wa hosi ya mita 30 inachelewa, na amonia inapofika imekwisha kupigana na kuta njia nzima. Leza inaona wimbi la amonia likipita, bonge baya la tope likiingia tanurini unaliona kwenye skrini kabla ya kahawa kupoa.

Lakini tope lina majivu. Tope likikauka, karibu theluthi hadi nusu yake ni madini yatakayogeuka majivu, na yote hayo yanaruka na moshi. Mahali ambapo ungependa leza iwe, yaani mara tu baada ya boila, ndipo vumbi ni zito kiasi cha kuuzima mwanga katikati ya njia. Wauzaji wengine wanapendekeza mabomba ya kukinga yanayofupisha njia ya mwanga. Yanasaidia, ila njia fupi maana yake usahihi mdogo kwenye namba ndogo. Mahali salama ni baada ya kichujio cha vumbi, na hapo tayari umepoteza sehemu ya haraka yako, na sehemu ya amonia imeshabaki kwenye majivu. Hiyo ya kwenye majivu isikupite: majivu yenye amonia yakilowanishwa yanatoa harufu kali, na watu wa kupakia malori ndio wanaoivuta. Kikomo cha kazini cha Ulaya ni sehemu 20 katika milioni kwa zamu ya saa nane.

Pia leza inaona gesi tu. Baada ya kuosha moshi kwa maji, pale ambapo joto ni nyuzi 60 au 70 na kuna matone yanaruka, sehemu ya amonia iko ndani ya matone na nyingine ni chembe za chumvi. Leza haizioni. Chupa, ikiwa unavuta kwa kasi ileile ya moshi ili matone yaingie sawasawa, zinazikamata, kwa sababu kichujio cha moto kinazivukiza tena. Ukisikia leza na chupa zinatofautiana kwenye dohani la moshi uliooshwa, usikimbilie kusema moja ni mbovu. Zinapima vitu viwili.

Na chuma kinatanuka. Dohani likipata moto asubuhi, matundu yanasogea milimita chache na mwanga unakosa shabaha. Anayenunua leza awe na mtu wa kupanda kuitazama.

Maji ndiyo mwamuzi

FTIR na leza zote zinasoma moshi wenye maji, ilhali kikomo kimeandikwa kwa moshi mkavu. Tope lililokamuliwa bado lina robo tatu ya maji, kwa hiyo moshi wake ni mvuke mwingi. Tuseme kifaa kimesoma miligramu 7, na oksijeni iko 11 kamili ili tusiiguse. Ukiamini mvuke ni asilimia 25, unagawa 7 kwa 0.75, unapata 9.3, uko ndani ya kikomo cha 10. Mvuke ukiwa kweli ni 32, unagawa kwa 0.68, unapata 10.3, umezidi. Amonia haijabadilika hata chembe. FTIR inasoma maji pamoja na amonia, katika moshi uleule, dakika ileile. Leza ya amonia mara nyingi inahitaji kifaa kingine cha maji, na ukikuta mahali wameingiza mvuke kama namba moja ya kudumu kwenye kompyuta, waambie waiondoe. Tope la Jumatatu baada ya mvua si tope la Ijumaa.

Usinunue hizi

Ipo njia ya kupima oksidi za nitrojeni mara mbili, mara moja kama zilivyo na mara ya pili baada ya kuigeuza amonia kuwa oksidi, kisha kutoa. Kwenye hewa ya kawaida inafaa. Kwenye moshi wenye miligramu 150 za oksidi za nitrojeni na 5 za amonia, unatoa namba kubwa kutoka namba kubwa ukitafuta kidogo kilichobaki, na kosa la asilimia 2 tu linatosha kulipotosha jibu. Vihisi vidogo vya kielektrokemia navyo viache kwenye mkanda wa kiunoni kwa usalama wa wafanyakazi. Mvuke na gesi nyingine za dohani zitavichosha haraka. Mirija ya kioo inayobadilika rangi ni rafiki mzuri wa kutafuta uvujaji kwenye tangi la urea na kuchungulia majivu. Ripoti haiandikwi nayo.

Basi uchague nini

Ukiwa na tanuri kubwa linalofanya kazi mfululizo na mkaguzi anayetaka namba za kila nusu saa, chukua FTIR, na uitazame hosi kabla ya kutazama mashine. Ukiwa na FTIR tayari na urea inakula bajeti au amonia inarukaruka, ongeza leza baada ya kichujio cha vumbi kwa ajili ya pampu tu, na usiitumie kwenye ripoti. Chupa zitahitajika kwa vyovyote: kanuni ya Ulaya EN 14181 inataka mashine yoyote ya mfululizo ilinganishwe na njia ya mkono, vipimo visivyopungua 15 vilivyotawanywa katika siku tatu, kisha ukaguzi mdogo kila mwaka.

Na ukiwa mtafiti mwenye jiko dogo la majaribio, kama mdogo wangu, chupa ndizo zako. Kampala, Dakar na Accra zimewahi kufanyiwa utafiti wa kutumia tope la vyoo kama nishati ya viwanda, na Naivasha kuna Sanivation wanaogeuza kinyesi kuwa nishati ya kuchomea, kwa hiyo swali lake litaulizwa tena na wengi Afrika Mashariki. Pampu, mita ya gesi, chupa nne, barafu na maabara ya chuo inayopima maji, vyote hivyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya FTIR. Kitu asichoweza kukikwepa ni mrija wa moto na kichujio cha moto. Nilimwambia wiki ya kwanza asiwashe jiko kabisa. Avute hewa ya chumba kwa nusu saa, asuuze, apime, arudie siku tano. Siku ya nne alinitumia ujumbe: namba za Alhamisi zimeruka. Nikamuuliza nani alipiga deki. "Mama wa usafi," akajibu, "leo ameleta dawa mpya ya vioo."